Albamu ya Tatu

Odera amelifunga gitaa ndani ya blanketi
kama mgonjwa asiyetaka wageni.
Studio iko Ngara, juu ya fundi Wambua.
Magodoro tumeyatundika ukutani,
bado cherehani inapenya, tiki-tiki, tiki-tiki,
mpaka ndani ya maikrofoni.

Tulifuta mara saba.
Ya nane tukaiacha.
Nduku akaimba akiifuata, polepole,
kama anayekata kitambaa cha deni.

Mashabiki wa albamu ya kwanza watauliza
zile nyimbo za kurukaruka mmezipeleka wapi?
Waambieni zilitubana kwapani.
Tumefumua mshono tu.

Saa nne usiku stima ikapotea.
Kompyuta kimya. Odera kimya.
Chini, kwa mguu,
Wambua akaendelea.