Pindo Usilifue

Toa hilo shuka la pili, Surekha.
Toa na kioo. Njiani hakuna wa kukutazama uso;
watu laki nzima wanatazama visigino vya aliye mbele.
Siku ishirini na moja kwa miguu, Alandi hadi Pandharpur,
nawe unafungasha kama bi harusi.

Sari mbili za pamba, za yadi tisa:
moja mwilini, moja begani inakauka.
Ile ya poliesta uliyonunua Pune iache kabatini,
ikilowa hung'ang'ania mapaja kama mdai.
Ipitishe katikati ya miguu, ichomeke nyuma, kaza.
Kaza tena. Kwenye mwinuko wa Dive utanikumbuka.

Kandambili za zamani. Nimesema za zamani!
Kiatu kipya ni mgeni,
hakikijui kidole chako kilichopinda.
Mafuta ya mwarobaini, ya nyufa, kila usiku.
Pini sita. Bilauri ya chuma.
Mikate ya mtama na chatne ya karanga, ya siku tatu tu;
baada ya hapo watakulisha wasiokujua,
nawe ule, usilete maringo ya kwenu.

Nailoni, si mwavuli.
Mvua ya Ashadh haianguki, inakuja kwa ubavu.
Nailoni utajifunika, utaitandika,
na siku Kondabai atakapotapika
utaijua kazi yake ya tatu.

Simu? Haya.
Lakini jina lako na la kijiji nimelishona ndani ya mfuko:
mwalimu aliandika kwa chaki, mimi nikafuata kwa sindano.
Chaji huisha.

Na hii ngata.
Niliisokota kwa kilemba cha baba mkwe wako
mwaka ule alipotuacha.
Juu yake utatweka chungu cha kivumbasi.
Mzigo wa mwenzio, husema, ni kanda la usufi.
Kipokee asubuhi, kisha uwaulize jioni
usufi gani huu unaozamisha shingo.

Mimi goti limekataa.
Daktari wa Saswad alilipiga picha,
akaitazama picha, hakunitazama mimi.

Sitaki maji ya mto kwenye chupa, sitaki peremende za hekaluni.
Ukirudi, sari usiifue.
Nipe pindo na matope yake,
nikae nalo uani, nilisugue polepole,
nione maji yanageuka rangi gani.

Kioo umekirudisha. Nimekuona.
Kitoe.