Zile Mbovu

Jana usiku nimemsuka Thuweiba,
kalala na leso kichwani zisifumuke.
Shati la Munir ni lile la Idi,
kifungo cha pili kimekwenda na maji ya kufulia;
nimelibana kwa pini,
na pini, ukisimama mbali kidogo, haionekani.

Nasimama mbali kidogo.
Hiyo ndiyo kazi yangu Jumapili,
Mama Ngina, jua mgongoni,
watoto mbele ya ukuta,
mihogo ya kukaanga mkononi, pilipili nimeikataza.
"Munir, toa kidole puani. Babao aona."
Anatoa. Anacheka kwa amri, mdomo kaufumba.
Naminya.

Muuza kashata asimama katikati ya picha.
Nangoja apite.
Nangoja na yule anayetema mate apite,
karatasi ya bisi ipeperuke,
ndipo dunia inakuwa safi
ya kutumwa Jubail.

Huko yuko kwenye ghala la kuku wa barafu,
makoti mawili, soksi tatu,
na nje, asema, jua la kukaangia yai juu ya boneti.
Mwaka wa tatu huu.
Aliondoka Munir hajaota jino;
sasa anayo yote, na moja amelivunja kwenye ngazi,
na hilo sikulipiga picha.

Twiga wa Haller Park nilimtuma,
ulimi wake wa zambarau kiganjani mwa Thuweiba.
Munir aliyejificha ndani ya buibui langu
akipiga mayowe, "Mwambieni aende kwao!"
huyo nilimkata.
Pembe za Barabara ya Moi nilizituma.
Sikutuma foleni ya mitungi, wiki ile mifereji ilipokauka,
na Thuweiba kaukalia wake wa njano kama malkia
akihesabu waliotutangulia: kumi na nane, kumi na tisa,
kumi na nane tena.
Wala kifua cha Munir, saa nane za usiku,
bodaboda hadi Makadara, mimi na viatu visivyofanana.

Nilidhani nampa raha.
Mtu yuko kwenye baridi, humtupii maji.

Juzi sauti yake ikaingia,
mashine zanguruma nyuma,
naye azungumza polepole
kama atembeaye gizani katika nyumba ya watu:
"Mama Thuweiba, picha ni nzuri. Ahsante.
Nzuri hata nikiwaonyesha wenzangu hapa
huniuliza, hawa ni wa kwenye kalenda?"
Kimya. Mashine.
"Sasa hebu niambie. Munir akilia, hukunja uso vipi?
Isije siku nikafika, nikamkuta njiani analia,
nikampita.
Nitumie na zile mbovu."

Nimeisikiliza mara nne.
Maji ya chai yakakauka, sufuria ikaanza kunuka.

Leo asubuhi wamegombania hamri la mwisho.
Munir kalala chali sakafuni,
mbaazi shingoni, mbaazi kwenye nyusi,
mdomo wazi hadi kwenye kimeo,
na pale mbele, pengo.
Thuweiba kasimama juu yake, alitafuna bila haraka,
atazama dirishani kama hayamhusu.
Sikusema simama. Sikumfuta mtu uso.
Mkono ulitikisika, kwa kicheko au kwa nini, sijui;
picha ikatoka imeyeyuka,
nusu yake ni mguu wa meza,
na kwenye kioo cha kabati, konani,
mtu ana dera la kulalia na nywele za kuamkia.

Nilitaka kuikata hiyo kona.
Kidole kilishafika.
Nikaituma nzima.

Alama mbili za kijivu.
Saa hizi yumo barafuni, simu zao huachwa kastani mlangoni;
mpaka alasiri haoni.

Munir, pale chini, afungua jicho moja,
aitazama simu, anitazama mimi.
"Nicheke?"