Suruali Isiyochakaa Gotini

Naanza na suruali, maana ndiyo kazi yangu.
Mguu wa kushoto umefifia gotini,
umefanya kitumbo kama suruali za watu wote.
Wa kulia bado mpya, mkunjo wa pasi umesimama
toka kiunoni hadi kisigino
kana kwamba ndani mna ubao.
Mna chuma.

Goti walilitoa KCMC, masika ya mwaka juzi,
usaha uliporudi mara ya tatu.
Daktari kijana alinichorea juu ya boksi la glavu:
hili paja, huu muundi, hapa tunaunganisha.
"Hautakunjika tena, mzee, ila utakubeba."
Nikamwambia naelewa, mwanangu,
zipu ikikorofisha sana huwa naishona ikafunga moja kwa moja.
Hakucheka. Alikuwa na vitanda vingine tisa.

Nilipotoka nilijipima kwa tepu ya dukani:
pungufu sentimita tatu. Wao waliandika mbili na nusu.
Tepu yangu imesomesha watoto wanne, naiamini.
Ndesario wa Kiborloni akanigundishia soli ya tairi
na sasa nikipita Majengo watoto husikia
kiatu kimoja kinasema, kingine kinanyamaza.

Choo cha shimo kilinitoa machozi.
Sifrida akachukua kiti kimoja kati ya sita vya harusi yetu,
akampa seremala akitoboe.
Sebuleni vimebaki vitano vya wageni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema.
Mimi nina fimbo yenye ndoano ya waya.
Cha mvunguni hunifuata.

Ila soksi. Soksi ya kulia bado ni kazi ya Sifrida.
Miaka thelathini na moja ya ndoa
hatukuwahi kuongea saa kumi na mbili asubuhi;
sasa anachuchumaa mbele yangu, ananipa
bei ya maharage, nani amefariki Kibosho,
ndoto aliyoota. Soksi ikifika juu
habari zimekwisha.

Kupanda naweza. Kushuka ndiko kunanishinda.
Siku tuliyomzika shemeji Valeriani, kihamba chao kiko bondeni,
migomba imelowa, njia kama sabuni,
nilishuka kinyumenyume, nikishika shina kwa shina.
Waombolezaji wakadhani naondoka.

Kanisani nakaa mwisho wa benchi, mguu njiani.
Wengine wakipiga magoti, mimi nakunja kidole gumba,
kiungo kimoja, polepole, ndani ya mfuko wa koti.
Padri hajui. Aliye juu nadhani anahesabu.

Cherehani nayo ilinigomea. Mguu uliokuwa ukikanyaga ni ule ule.
Miezi mitatu niliufunza wa kushoto,
pindo zikaenda kombo kama njia ya mlevi,
mchana nikashona, usiku nikafumua.
Mpwa wangu akaniletea mota.
Nilikataa. Si ujasiri,
umeme wa mtaani kwetu mnaujua.

Julai chuma hupata baridi kabla yangu.
Ndipo huota niko mtoto, nimechuchumaa kando ya mfongo,
sioshi kitu, sichoti maji,
nimechuchumaa tu.
Naamka, mguu umenyooka chini ya blanketi
kama rula ya kukatia vitambaa.

Jana kijana kaleta suruali, magoti yote mawili yametoboka,
anaona aibu, anataka viraka visionekane.
Niliingiza vidole kwenye lile tundu,
nikavikunja, nikavikunjua.
Nikamtoza nusu bei.
Akashuka ngazi za baraza, moja, nyingine,
wala hatazami chini.