Karani wa Mizani Asoma Riwaya

Kitabu kilisahauliwa na mkaguzi wa ushirika
katika nyumba ya wageni ya Kitangali, chini ya godoro.
Nyuma ya jalada, picha ya mwanamke mwenye mvi
anamtazama mpiga picha kana kwamba anamdai.
Nurhayat Deliktaş. Mturuki. Nilimsoma msimu mzima
kwa Kiingereza changu cha kuokota,
kamusi pajani, vumbi la magunia kati ya kurasa.

Kwao hawalimi korosho. Wana kokwa nyingine,
ndogo, ya mviringo, huanikwa uani kama zetu,
na mnunuzi huja na mizani yake mwenyewe.
Hapo nilicheka peke yangu. Kisha nikafunga mlango.

Mfasiri aliacha maneno machache bila kuyagusa:
kalem, defter, hesap, şahit.
Nikayatamka kwa sauti humo ghalani, mlinzi akageuka.
Kalamu, daftari, hesabu, shahidi.
Ni kama kukuta kanzu ya marehemu mjomba
imevaliwa na mtu wa mji usioujua,
nayo imemkaa.
Hayat, kwao, ni uhai. Kwetu hayati ni aliyekwisha ondoka.
Sijui ni nani kati yetu aliyelishika neno kichwa chini.

Babu yake alikuwa karani, kama mimi.
Aliandika kwa herufi za zamani, kulia kwenda kushoto,
kisha serikali ikabadili herufi:
mtu akalala msomi, akaamka hajui kusoma.
Daftari likakaa darini, wakalisoma panya.
Nurhayat alikuwa na miaka hamsini na miwili
alipoanza alifu na bee,
mbele ya mwalimu mdogo kuliko mwanawe.

Alidhani atakuta siri. Akakuta magunia.
Magunia, madeni, tarehe za mvua,
na majina kumi na saba ya majirani
ambao kijiji kizima kiliapa hawakuwahi kuishi pale.
Akayatia yote katika riwaya,
bila kuyapamba, kila jina na kilo zake.
Wakampeleka mahkeme
(neno hilo nalo halikutaka kamusi).
Hakimu akauliza: Shahidi wako nani?
Akajibu: Deni lao. Asiyekuwapo hadaiwi.

Ukurasa wa mwisho anasema
mwandishi si hakimu, wala wakili si yeye;
ni yule aliyesimama karibu na mizani
akakiona kidole kinachoikandamiza.

Mimi nimekiona kidole.
Mwaka ule wa mvua za mapema, kilikuwa changu.
"Unyevu," nilimwambia Mama Nangomwa, "tunakata kilo mbili,"
na korosho zake kavu, zinalia kama njuga.
Hakubisha. Nusu alishaiuza kwa kangomba,
kwa bakuli, tangu mikorosho ingali maua.
Jina lake nimeliandika hapa.
Sina riwaya. Nina hili tu.

Nyumbani, ndani ya kasha la babu aliyesoma chuo Mikindani,
mna karatasi moja ya herufi nisizofundishwa.
Tulidhani ni kinga. Mama aliifukiza ubani
kila mtoto alipougua.
Nikampa Siwema wa madrasa, miaka kumi na mitatu,
aisome. Akafuta mikono ya mafuta kwenye gauni,
akaburuta silabi, akarudia, akakunja uso:
"Nadaiwa na Nampota pishi mbili za mtama.
Sijalipa."
Basi?
"Basi."

Jumamosi nilipanda baiskeli hadi Mnyambe
na pishi mbili za mtama. Njiani nikaongeza ya tatu,
kwa aibu, au kwa riba, sijui.
Wajukuu wa Nampota walinitazama kama mwenda wazimu.
Mmoja wao, kijana mwenye jezi iliyopauka,
akaunyanyua mfuko, akaushusha, akaniuliza:
"Umepimia mizani ya nani?"