Hodhi

Daktari alisema maji ya moto,
bei hakuitaja.
Alisema mgongo wa Orest umepinda kama reli iliyoumwa na baridi,
nami, mke wa mtu wa reli, nikamwelewa upesi:
miaka thelathini na mmoja akiunganisha mabehewa
katika yadi ya Dauphin, Manitoba,
chuma kwa chuma,
pumzi ikiganda kwenye masharubu.

Tuna dola elfu sita na mia mbili.
Si haba, si tele.
Ni trela la ng'ombe tulilomuuzia Bodnarchuk mwezi wa tisa,
na bahasha iliyolala ndani ya kopo la biskuti
tangu Larysa alipokataa harusi kubwa.

Tulianza na hodhi la kujaza upepo.
Dola mia nane.
Orest akalibonyeza kwa kidole
kama anayepima mkate uliotoka tanurini.
"Paka wa Petryshyn," alisema.
Hakuongeza neno.

Kisha lile lililotumika, kule Gilbert Plains,
elfu moja na mia tano, njoo na gari lako.
Pampu ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena.
Nikachungulia chini kwa tochi:
panya wamejenga mtaa mzima ndani ya sponji.
Rahisi huvunja upishi,
na hapa chungu chenyewe kimetoboka.

Basi tukaenda Brandon, saa mbili za barabara nyeupe.
Muuzaji, kijana aitwaye Devlin,
alitupeleka moja kwa moja kwenye lile kubwa:
viti vinane, matundu hamsini na mawili ya kusukuma maji,
maporomoko madogo, taa zinazogeuka rangi.
Orest alisimama mbele ya zile taa
kama mtoto aliyeonyeshwa keki ya mwenzake.
Elfu kumi na nne.
Na umeme wake si wa soketi ya kawaida:
fundi, waya mnene, mtaro katika ardhi iliyoganda.
"Kuna mkopo," alisema Devlin.
Mikopo naijua. Huja ikitabasamu.

Mimi niliuliza kuhusu kifuniko.
Akashangaa kidogo. Wateja huuliza kuhusu taa.
Nikakigonga, nikakiinua, nikapima unene wake kwa vidole,
maana joto halikugharimu linapoingia,
linakugharimu linapotoka,
na Januari ya kwetu ina mikono mirefu.

Nyuma, karibu na ndoo za dawa ya maji,
lilikuwapo moja la kijivu, la watu watatu wasiokasirikiana.
Elfu tano na mia nne.
Soketi ya kawaida. Matundu kumi na manne. Taa hakuna.
Kifuniko, vidole vitano vizima.
"Kaeni humo," alisema Devlin, "mjaribu."

Tukavua makoti. Tukavua viatu.
Soksi ya Orest ilikuwa na dirisha.
Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga,
lakini sisi tulivua na maji hayakuwapo,
tukaketi ndani ya plastiki kavu, dukani, mchana kweupe,
goti langu likigusa lake kwa kukosa pa kwenda.
Akaegemea. Akafumba macho.
Tundu moja lilikuwa pale pale panapomuuma.
Hata bila maji alilijua.

"Na taa?" aliuliza, macho bado yamefumba.
"Ile ya ishara waliyokupa ulipostaafu," nikasema.
"Nyekundu huku, kijani kule.
Inakusanya vumbi juu ya friji."

Tulipatana. Ngazi akatupa bure, na ndoo moja ya dawa.
Ya sakafu ya zege imebaki, na kidogo ya umeme.

Tulikuwa tumeshapita Minnedosa
Orest alipopunguza mwendo.
"Halyna. Lile lango la uani,
upana wake ni kiasi gani?"

Nilikuwa nimepima kifuniko, bili, soketi, vidole vyangu.
Lango, hapana.