Jino la Mguu wa Mbele

Saa tano usiku, Bidiya, chumba cha nyuma kwa shemeji yangu.
Feni inazungusha joto lile lile.
Mimi na darubini tunatazamana jicho kwa jicho
juu ya mbawakawa arobaini na mmoja,
kila mmoja kachomwa pini kwenye bawa gumu la kulia,
kila mmoja na kijikaratasi chake:
tarehe, mchanga, mkono uliomwokota.

Miaka sitini wameitwa jina moja.
Aliyewapa aliwaona watatu tu,
wakavu, ndani ya kopo la sigara,
akaandika: weusi, wa mviringo, hawang'ai.
Kweli. Lakini hata masufuria ni meusi.

Nawageuza chali.
Huyu ana jino kwenye ugoko wa mbele. Huyu hana.
Huyu analo, dogo, punje ya ufuta.
Huyu alikuwa nalo, mchanga umelila.
Kazi yangu yote ipo hapo:
kumjua asiyepewa
na aliyenyang'anywa.

Muhanna, dereva wangu wa jangwani,
kasimama mlangoni na kikombe cha kahawa.
"Bado tu? Si madundu hao, wala mavi ya ngamia?"
Kiswahili chake cha Wete hakijaingia kutu.
Namwambia hawa hawali mavi,
wanakula majani makavu yanayoletwa na upepo.
"Aa," anasema, "madundu waungwana."

Mwaka tuliofika nilikuwa na miaka saba.
Karani wa shule alimtazama mama,
kisha fomu, kisha mama.
Kabila lipo, sawa. Lugha ya nyumbani?
Mama akajibu, kwa lugha hiyo hiyo.
Karani akauacha mstari wazi
akapiga muhuri juu ya utupu.

Alfajiri hesabu imetulia.
Wenye jino, wote wa mchanga mwekundu.
Wasio nalo, wote wa mchanga mweupe, chini ya mighafu.
Basi ni wawili, si mmoja.
Naandika: *Milimita kumi na nne. Kifua kipana kuliko urefu wake.
Vipapasio vya pingili kumi na moja. Ugoko wa mbele laini, hauna jino.*
Muhanna anataka huyo mpya aitwe yeye.
Nimempa jina la mchanga, namwambia, maana watu huhama.
"Na mchanga je?" anasema, akielekeza kidole dirishani,
kwenye ua ambao juzi ulikuwa na ngazi tatu
na leo una mbili.

Kabaki nambari ishirini na saba.
Jike. Mguu wa kulia una jino,
wa kushoto hauna, na haukulika:
nimeupapasa kwa ncha ya sindano, ni laini tangu kuzaliwa.
Aliokotwa barabarani, katikati ya michanga miwili.

Nimempa kisanduku chake peke yake.
Nimeandika tarehe. Nimeandika mahali. Nimeandika mkono, wangu.
Mstari wa jina nimeuacha wazi.
Muhuri sina.