Miezi Sita ya Kutafakari

Barua ilifika posta ya Kigoma siku ya Jumanne,
bahasha ya kahawia yenye dirisha dogo la plastiki,
na jina langu dirishani kama mtu anayechungulia:
Bukuru Misigaro Heikkinen.
Karani alilisoma mara mbili, akacheka.
"Hili la mwisho ni kabila gani?"
Nikamwambia, hilo liko njiani kutoka.

Kurasa nne za Kifini, herufi zina vidoti kichwani
kama chawa.
Nilimpelekea Mwalimu Nyandwi, anayejua Kijerumani;
akazigeuza, akazinusa, akanirudishia.
Ikabidi mtafsiri wa Dar, elfu arobaini kila ukurasa.
Nilimlipa kwa sare kumi na sita za watoto wa Gungu.

Na baada ya mishono yote hiyo, habari ilikuwa moja:
mahakama ya Oulu inanipa miezi sita ya kutafakari.

Hawakuuliza kosa.
Nilikuwa nimejiandaa, maneno yangu nimeyapiga pasi:
simu alizotoka nje kupokea usiku,
pesa za bati,
ugali alioula akitazama saa.
Hata ya kwangu ningeyasema. Mara mbili nilikataa kupanda ndege,
ya kwanza kwa sababu ya mama,
ya pili kwa uoga tu.
Fomu haina nafasi ya hayo.
Ina kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana.

Baraza la kata wangenikalisha kwenye benchi
hadi dagaa wote waanikwao Kibirizi wakauke.
Nani alianza kununa? Nani alifunga mlango?
Na mama mmoja mwenye kanga mbili angeinama:
mwanangu, na unyumba je?
Ningewachukia.
Leo nawatamani.

Baba mdogo Minani alikuja na basi la asubuhi kutoka Kasulu,
akakaa juu ya furushi la vitenge, kofia hakuvua.
"Ng'ombe wake," akasema, "tunamrudishia wapi?"
Maana Jukka alitoa ng'ombe.
Alimnunua mwenyewe mnadani, akamburuta mwenyewe,
uso umemwiva rangi ya mawese,
wazee wakamcheka, na siku hiyohiyo wakampenda.
Nikasema, baba, mahakama haijui habari za ng'ombe.
"Basi haijui ndoa," akasema. "Sasa inavunja nini?"

Tukahesabu. Amezaa mara nne.
Ndama wawili walilipa ada ya Butoyi, pacha wangu.
Mmoja tulimla kwenye msiba wa mama,
na Jukka aliomba mchuzi mara ya pili.
Aliyebaki ana mimba.
Baba mdogo akakuna goti, akaomba chai.

Mwezi wa kwanza sikutafakari, nilishona.
Wa pili vilevile.
Wa tatu nikampigia. Kwangu saa kumi, joto limelala juu ya bati;
kwake saa tisa, na giza limeshaingia.
Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Mwanga, alichofundishwa na wauza migebuka:
"Mvua zimeanza?"
Zimeanza.
Kimya. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Bati linavuja?"
Halivuji.
Sikumtajia beseni lililokuwa miguuni pangu.

Mteja akikosa kupendezwa, nguo huifumua.
Wembe mdogo, uzi mmoja mmoja, pumzi umeibana,
kitambaa kisichanike.
Ni kazi kuliko kushona, na hakuna anayeilipia.
Na matundu ya sindano hubaki, hata ukipiga pasi.

Leo nimetia sahihi fomu ya pili, ya kumalizia.
Karani ni yuleyule. Anaipima bahasha kwenye mizani,
anafungua daftari, analamba kidole.
"Thamani ya kilichomo?"
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Andika, namwambia,
ng'ombe mmoja, ana mimba.